AL-JAHIDH: MUUZA SAMAKI WA BASRA ALIYEANDIKA KITABU CHA WANYAMA

Bismillahir Rahmanir Rahim

  

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kuwaelezea Maimamu wa Hadithi na Fiqhi. Mwaka huu tumemchagua mtu wa namna nyingine. Sababu yetu ni kwamba wanafunzi wengi husoma sayansi skuli asubuhi, kisha jioni wakaja chuoni kusoma Qur'ani, wakadhani kuwa hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Mtu tunayemwelezea leo hakuona hivyo. Alisoma Qur'ani, akamsoma na chungu ardhini, na vyote viwili vikampeleka kwa Mola wake.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Alizaliwa mjini Basra, Iraq, karibu na mwaka 160 Hijria (776 Miladia). Macho yake yalikuwa yametokeza mbele, kwa hiyo watu wakamwita Al-Jahidh, yaani mwenye macho ya kutokeza. Hakulichagua jina hilo, bali ndilo lililomfuata mpaka kaburini, na ndilo tunalomjua kwalo hadi leo.

Imepokewa kutoka kwa jamaa zake kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Alipokuwa kijana aliuza mikate na samaki kando ya mfereji ulioitwa Sayhan. Watoto wa wavuvi wanaosoma jarida hili wanajua kazi hiyo ilivyo: kuamka mapema, kupambana na nzi, na kupigania bei mpaka jua linakuwa kali.

SINIA LA MADAFTARI

Inasimuliwa kwamba mama yake alichoka kumwona kila siku ameinamia vitabu na hali nyumbani hakuna unga. Siku moja alipoomba chakula, mama akamletea sinia lililojaa madaftari, akamwambia kwamba hana kingine cha kumpa, kwa kuwa hayo ndiyo anayoyaleta nyumbani. Kijana akatoka amejiinamia, akaenda msikitini. Mtu mmoja mwenye uwezo akamwona, akamuuliza habari zake, kisha akampa dinari 50. Akaingia sokoni, akanunua unga na vitu vingine, wachukuzi wakavibeba mpaka nyumbani. Mama aliposhangaa, akamjibu kuwa hayo yametoka katika yale madaftari.

Wazazi wetu, hatusimulii kisa hiki ili kumlaumu mama yule. Njaa ni kitu kizito, na yeye ndiye aliyekuwa akiibeba. Twasimulia ili tujue kwamba elimu haikumjia kijana huyu kwa raha. Hata vitabu hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu akalala humo, usiku kucha akisoma.

BASRA ILIKUWA DARASA LAKE

Kwa upande wa lugha alisoma kwa wanazuoni wakubwa kama Al-Asma'i, Abu Ubayda na Abu Zayd al-Ansari. Lakini kulikuwa na mwalimu mwingine, naye ni mji wenyewe.

Basra iliasisiwa zama za Ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), mahali ambapo nchi za namna nyingi zinakutana. Magharibi yake ni jangwa. Huko kulikuwa na soko la Mirbad, ambako Mabedui walifika na ngamia zao, mashairi yao na habari za wanyama wa jangwani. Kaskazini ni vinamasi vikubwa vya mito ya Furati na Dijla (Tigris), vyenye matete marefu kuliko mtu, nyati wa kufugwa, samaki, ndege wa majini na mbu wasiohesabika. Mjini na pembeni mwake ni mitende iliyonyweshwa kwa mifereji, na mifereji hiyo hujaa na kupwa kwa kufuata maji ya bahari, kama tuonavyo sisi katika hori zetu. Kusini ni bahari yenyewe, na majahazi yaliyotoka Oman, India na pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambayo Waarabu wa zama hizo waliiita nchi ya Zanj.

Wataalamu wa leo huliita jambo hili mfumo wa ikolojia: mahali, pamoja na maji yake, udongo wake, mimea yake na wanyama wake, kila kimoja kikimtegemea mwenzake. Al-Jahidh hakulijua neno hilo, lakini aliweza kutembea kwa miguu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa siku moja, na akawa na macho ya kuona kwamba kila mahali pana viumbe vyake.

BAGHDAD NA MAKASRI YAKE

Karibu na mwaka 200 Hijria maandishi yake yalimfikia Khalifa Al-Ma'mun, yakampendeza, naye akaenda Baghdad. Inasemekana alipewa kazi katika diwani ya waandishi wa serikali, akaiacha baada ya siku tatu tu. Baadaye Khalifa Al-Mutawakkil alitaka awafundishe watoto wake. Alipoiona sura yake hakupendezwa nayo, akampa dirham 10,000 na kumrudisha alikotoka. Al-Jahidh mwenyewe alikuwa akikisimulia kisa hicho bila ya kuona haya. Anayemcheka mwenzake darasani kwa sura au rangi aliyopewa na Mola wake na akizingatie.

Tusisahau kutaja jambo moja kwa uadilifu. Katika itikadi Al-Jahidh alikuwa wa kundi la Muutazila, mwanafunzi wa An-Nadhdham, na Ulamaa wa Ahlus Sunna hawakukubaliana naye. Kwa hiyo hatumfuati katika mas-ala hayo. Tunachokichukua kwake ni lugha yake, bidii yake na uchunguzi wake wa viumbe.

KITABU CHA WANYAMA

Aliandika vitabu na risala zinazokaribia 200, na nyingi zimepotea. Kilicho kikubwa zaidi ni Kitabul Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama, ambacho katika chapa ya Cairo iliyoanza kutolewa mwaka 1938 kimejaza majuzuu saba. Alikiandika akiwa mtu mzima, na maradhi yameshaanza kumsumbua. Alimtunuku Waziri Ibn az-Zayyat, naye akampa dinari 5,000. Yule kijana wa sinia la madaftari alikuwa amefika mbali.

Mwanzoni mwake mna mjadala mrefu kati ya mwenye mbwa na mwenye jogoo, kila mmoja akitetea mnyama wake. Kisha anaingia kwa njiwa, nzi, kunguru, chungu, nyoka, tembo na wengineo, huku akichanganya aya, Hadithi, mashairi na vichekesho ili msomaji asichoke. Msingi wake ni kwamba kijiwe kidogo kinamthibitisha Muumba sawa na mlima mkubwa, na kwamba hekima iliyomo katika mbu si ndogo kuliko iliyomo katika tembo. Sasa tutazame kidogo aliyoyaona.

Jangwani. Anamweleza dhabb, mjusi mkubwa wa jangwani ambaye Mabedui wanasema hanywi maji. Anaeleza kwamba dhabb huchimba shimo lake katika ardhi ngumu iliyoinuka, mahali ambapo mafuriko hayafiki na udongo haubomoki, na hupenda liwe karibu na jiwe ili alikumbuke. Leo tunajua kwamba mjusi huyo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka katika majani anayoyala. Vilevile aliandika kwamba katika nchi ya mawe meusi ya Bani Sulaym, Bara Arabu, hata wanyama wana rangi ya giza, na kwamba chawa wa nywele nyeusi huwa mweusi, na mdudu wa majani mabichi huwa kijani. Alikuwa ameona kwamba mahali na kiumbe hufanana.

Mtoni na baharini. Yule aliyewahi kuuza samaki hakuwasahau. Aliandika kwamba wapo samaki ambao huja katika mto wa Basra kwa miezi maalumu, wakitoka mbali baharini kuyafuata maji matamu, kisha hurudi. Mmoja wao, kwa habari alizozipata kwa mabaharia, hutoka nchi ya Zanj, na anapokuwa Basra haonekani huko kwetu. Habari hiyo ya safari ndefu ni ya mabaharia, lakini jambo lenyewe la samaki wa baharini kupanda mtoni ni la kweli. Mpaka leo yuko samaki ambaye watu wa Iraq humwita suburi, anayetoka baharini na kupanda Shatt al-Arab kila mwaka ili kutaga mayai.

Ardhini. Anaeleza kuwa chungu hupasua mbegu anazoziweka akiba ili zisiote ndani ya shimo. Mbegu ya giligilani huipasua vipande vinne, kwa sababu ikipasuliwa viwili tu huweza kuota. Akiba ikipata unyevu, huitoa nje ikauke. Wataalamu wa leo nao wameona aina za chungu wanaokata sehemu ya mbegu inayochipua, na wanaoanika nafaka zao nje baada ya mvua.

Nyumbani. Hakuhitaji kusafiri ili apate wanyama wa kuwaandika. Alimtazama yule buibui mdogo asiyetega utando, anavyojibana chini, akamnyemelea nzi, kisha akamrukia kama chui. Jaribuni kumtafuta ukutani kwenu, mtamwona.

Hapo ndipo anapofika kwenye jambo ambalo sasa hufundishwa skuli kwa jina la mnyororo wa chakula. Alieleza kwamba panya hutoka kutafuta riziki na kuwala walio dhaifu kuliko yeye, naye huviziwa na nyoka na ndege. Mbu hutafuta damu, na nzi humla mbu. Nzi naye ni chakula cha buibui na wadudu wengine. Kila mwenye kuwinda naye huwindwa, na Mwenyezi Mungu amejaalia uhai wa baadhi yao uwe kwa kufa kwa wengine. Basi ukimwondoa mmoja, usidhani kwamba umemwondoa yeye peke yake.

ALIVYOTAFUTA UKWELI

Vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, vilikuwa vimeshafasiriwa kwa Kiarabu, na Al-Jahidh alivisoma na kuviheshimu. Lakini hakukubali kila kilichomo kwa kuwa tu kimesemwa na mtu mkubwa. Aliwauliza mabaharia, wavuvi, wawindaji, wachinjaji, wafuga njiwa na wakamata nyoka. Mengine aliyatazama mwenyewe. Amesimulia mapambano ya panya na nge waliotiwa pamoja ndani ya chombo cha kioo, na jinsi panya alivyojitahidi kuukata mkia wenye sumu. Watu waliposema habari za uzazi wa nge, yeye alitaka habari za aliyempasua nge na kuona kilichomo tumboni.

ALIPOKOSEA

Hata hivyo Al-Jahidh hakusafiri sana, na hakuwa mtu wa bahari. Baadhi ya mambo aliyapokea kwa masikio, na masikio si kama macho.

Alisikia kwamba mto wa Sindi una mamba, na Nile ina mamba, akaona kuwa basi maji yake ni mamoja. Pia alitaja habari zilizoenea kwamba mtoto wa kifaru hutoa kichwa nje ya tumbo la mama yake, akala majani, kisha akarudi ndani.

Miaka mingi baada ya kufa kwake, msafiri mkubwa Al-Mas'udi alizichunguza habari hizo. Huyu alikuwa mtu wa bahari kweli. Alifika mpaka pwani yetu, na mwaka 304 Hijria (916 Miladia) alipanda chombo kutoka kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman. Wataalamu wengi wanaona kuwa Qanbalu ndiyo Pemba yetu. Al-Jahidh naye alikitaja kisiwa hicho katika risala yake ya kuwatetea watu weusi, lakini hakuwahi kukiona. Al-Mas'udi aliwauliza wafanyabiashara wa Siraf na Oman waliofika India, wote wakastaajabu: kifaru huzaa kama ng'ombe na nyati wanavyozaa. Kuhusu mito, alieleza kwamba kila mmoja una chanzo chake. Akamfananisha Al-Jahidh na mtu anayeokota kuni usiku, asiyejua mkono wake umeshika nini.

Ni maneno makali, lakini hapa ndipo penye somo. Leo tunajua kwamba mamba wa Nile na mamba wa Sindi ni jinsi mbili mbalimbali. Mito haikuungana. Kilichopo ni kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia mahali panapofanana pawe na viumbe vinavyofanana. Al-Jahidh alikuwa na dalili mkononi, akafanya haraka katika kuhukumu.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 233 Hijria (847 Miladia) Waziri Ibn az-Zayyat aliuawa kwa mateso. Al-Jahidh, aliyekuwa mtu wake, alikimbia, akakamatwa na kupelekwa kwa Kadhi Mkuu Ibn Abi Du'ad, hasimu wa waziri. Ufasaha wake ukamwokoa, akasamehewa. Baadaye akarudi kwao Basra.

Huko alipata ugonjwa wa kupooza. Upande mmoja wa mwili wake haukuhisi kitu, na upande wa pili uliuma hata nzi akitua. Mtu aliyeandika kurasa nyingi juu ya nzi sasa hakuweza kumfukuza. Pamoja na hayo hakuacha kusoma wala kuandika. Alifariki dunia mwezi wa Muharram mwaka 255 Hijria, yaani mwishoni mwa 868 au mwanzoni mwa 869 Miladia, na umri wake ulizidi miaka 90. Watu wa baadaye walisimulia kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyomwangukia. Allah ndiye Mjuzi zaidi.

VINAMASI VYA IRAQ BAADA YAKE

Tusimalize bila ya kutazama yaliyovipata vinamasi vile. Katika miaka ya 1990 serikali ya Iraq ya wakati huo ilijenga matuta na mifereji ili kuyaondoa maji, na watu wa vinamasi wakahamishwa. Mabwawa ya nchi za juu nayo yalikuwa yakipunguza maji. Ilipofika mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya vinamasi ilikuwa imekauka. Matete yakafa, samaki wakatoweka, na nyati wakaondoka pamoja na wenyewe.

Kuna ndege mdogo wa matete mwenye jina la mji huo wa Basra. Huzaliana zaidi katika vinamasi vya Iraq, na msimu wa baridi wa huko unapoingia huruka mpaka Afrika Mashariki, akapita Kenya na Tanzania. Yanapokauka matete ya Iraq, vichaka vyetu hupungukiwa na mgeni. Mnyororo alioueleza Al-Jahidh unavuka bahari.

Mwaka 2003 watu waliyabomoa matuta, maji yakarudi sehemu nyingi, na matete yakaota tena. Mwaka 2016 vinamasi hivyo viliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Lakini ukame na uchache wa maji mitoni vimevitesa tena miaka ya karibuni. Kuharibu ni kazi ya miaka michache, na kurudisha huchukua muda mrefu, kama kunawezekana.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Umaskini si sababu ya kuacha elimu. Muuza samaki amesomwa kwa zaidi ya miaka 1,100.

2. Sura na rangi ni kazi ya Mola. Anayezicheka anamkosoa aliyeziumba.

3. Kila kiumbe kina kazi yake, hata tunayemchukia. Mikoko ikikatwa, kaa na samaki wadogo waliokuwa wakijificha katika mizizi yake hukosa makazi, na mwisho mvuvi hurudi na dema tupu.

4. Habari ichunguzwe kabla ya kupokelewa. Mkubwa anaweza kukosea, na mwenye kumsahihisha kwa dalili amemsaidia.

5. Aliyekosea katika baadhi ya mambo hatupwi yote. Tunachukua lililo sahihi, na tunaacha lisilokuwa sahihi.

KAZI YA LIKIZO

Kila mwanafunzi achague mahali pamoja: mikokoni, shambani, kando ya kisima, au ukutani nyumbani. Akae hapo robo saa kwa siku tatu. Aandike viumbe alivyoviona, nani anakula nini, na nani anajificha wapi. Aandike alichokiona kwa macho peke yake, na alichoambiwa akiandike mbali. Ustadh atayasoma madaftari hayo madrasa itakapofunguliwa, Inshaallah.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayozingatia, atuzidishie elimu yenye manufaa, na atufanye walinzi wema wa ardhi aliyotukabidhi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.